Dawa Iliyoacha Kuwasha

Dawa ya Mzee Kadenge Tsofa iliacha kuwasha siku ya Jumanne, saa moja jioni, ngoma ya taarifa ya habari ikilia redioni. Huo ndio wakati wake wa kila siku. Hukaa kwenye kiti chake cha plastiki hapo sebuleni, Magongo, akainua uso juu, akatia tone moja jicho la kushoto, akafumba, na chozi likamtoka. "Naliacha lilie kwanza," husema, "ndipo nisikilize walichotufanyia leo." Jicho la kulia halimo katika hesabu. Lilizimika zamani, wakati alipokwenda hospitali mara nne akaambiwa mashine ya kupimia imeharibika, arudi mwezi ujao. Aliporudi mara ya tano mashine ilikuwa nzima. Lililoharibika lilikuwa jicho.

Jumanne hiyo alitia tone, akangoja. Hakuna kitu.

"Haiwashi," alisema.

Mwanawe Ziro, dereva wa lori la makontena pale bandarini Kipevu, alikuwa akila wali kwa mchuzi wa papa. Hakuinua kichwa. "Si ndiyo vizuri, baba?"

"Vizuri kitu gani? Dawa hii nimeitia miaka mitatu. Huwasha kama pilipili iliyopita mbali. Leo ni kama maji ya mvua." Aliiinua ile chupa ndogo kwenye taa, akaitazama kwa jicho lake moja. "Wametia maji."

"Nani, baba?" aliuliza Kafedha, binti yake. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Nani! Wakubwa! Walianza na maziwa ya shule, wakaja kwenye petroli, sasa wamefika kwenye jicho langu."

"Maji hayo mbona yanaotesha?" Ziro alisema, mdomo umejaa. "Kope zako zimekaribia nyusi. Akina mama wa kanisani wananiuliza baba yako hupaka nini."

Hilo lilikuwa kweli, na mtaa mzima ulikuwa na maneno juu yake. Tangu Mzee Kadenge aanze dawa ya presha ya macho, kope za jicho la kushoto zilikuwa zimerefuka, zikawa nyeusi, zikapinda kama za ndama. Jicho la kulia, lisilotiwa dawa, lilibaki na vinywele vyake vya kizee. Mwenyewe hakuona haya. "Serikali imenichukulia jicho, ikanilipa kope," aliwaambia watu. "Nyinyi mmelipwa nini?"

Kafedha aliondoa sahani yake mezani kabla hajaimaliza.

*

Asubuhi yake, kabla ya kufungua kibanda chake cha M-Pesa, Kafedha alipitia saluni ya Quinter. Quinter ni mtu wa bara, ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ni yeye aliyembandika Kafedha kope za gundi mwezi wa Julai, siku ya kutolewa barua ya posa, na ni yeye aliyezibandua baada ya wiki tatu. Kope za kubandika zilitoka. Na za Mungu zikatoka pamoja nazo. Kafedha alibaki na macho mekundu yaliyo wazi kama ya kuku aliyenyonyolewa, na harusi ilikuwa Desemba.

"Zinaenda poa?" Quinter alimvuta kwenye mwanga wa dirisha. "Lete nione. Aki zimeanza! Si nilikuambia? Dawa ya mzee wako ndiyo ileile matajiri hupaka. Wao huandikiwa na daktari, wewe umeipata nyumbani."

"Quinter, baba amejua."

"Amejua wewe?"

"Amejua dawa. Amesema haiwashi."

Quinter aliacha kumshika kidevu. "Kwani umeifanyia nini?"

Ndipo Kafedha alipolisema, jambo ambalo kwa mwezi mzima alikuwa hajaliambia hata shuka lake. Mwanzo alichukua tone moja tu, baba akiwa bafuni. Akalipaka kwa ile brashi aliyopewa na Quinter, brashi iliyopita kwenye macho ya nusu ya wanawake wa Magongo. Tone moja likawa mawili, akidhani zikitiliwa sana zitaota upesi, kama mboga ya sukuma wiki ikitiwa mbolea. Akawa anachovya brashi mlemle chupani. Chupa ikapungua. Na baba yake ni mtu aliyefanya kazi ya kuhesabu magunia bandarini miaka ishirini na minane; kitu kikipungua hujua. Basi Kafedha akakibandua kizibo cha ndani kwa ncha ya kisu, akajazia maji.

"Yalikuwa yamechemshwa," alisema haraka.

"Woi," alisema Quinter, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Redio ya saluni ilikuwa ikinguruma peke yake kwenye rafu, kipindi kile cha asubuhi ambacho watu hupiga simu kulalamika. Mtangazaji, mmoja anayeitwa Rama, aliuliza nani yuko hewani.

"Ni mimi Kadenge Tsofa, Magongo, Changamwe," ilijibu sauti. "Nataka kuwauliza wakubwa swali moja. Mnatutilia maji kwenye dawa ya macho, nyinyi huoga na nini?"

Mkono wa Quinter ulikwenda mdomoni. Kafedha alikuwa amesimama kama mlingoti.

"Mzee, una hakika?" Rama aliuliza.

"Nina hakika kama nilivyo na jicho moja! Ninasema wakamatwe! Aliyetia maji akamatwe, hata awe mtoto wa nani!"

*

Ijumaa jicho liliamka limegandana. Mzee Kadenge aliliosha kwa maji vuguvugu, likafunguka nusu, jekundu kama nyanya, na usaha kwenye pembe. Lakini si usaha uliomtisha. Alitazama taa, akaiona ina duara la rangi pande zote, kama mwezi wa mvua. Duara hilo alikuwa amewahi kuliona. Jicho la kulia lilimwonyesha duara hilohilo kabla ya kuzima.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowaogopesha watoto wake.

"Ziro," alisema taratibu, "leo usiende Kipevu. Nishike mkono."

"Naja, baba."

"Kafedha, lete ile chupa. Nataka daktari aione kwa macho yake."

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni tangu alfajiri. Mabenchi matatu, watu tisini. Ukutani pamebandikwa karatasi inayosema huduma ni haki yako, na chini yake msichana wa mapokezi alikuwa akiwaambia watu mfumo umelala, wasubiri. Kompyuta ikilala, Kenya nzima inalala. Lakini siku ya kukata kodi hujawahi kuisikia imesinzia. Wazee walikaa na kadi zao mikononi. Mama mmoja aliambiwa jina lake halimo, akaambiwa arudi alikozaliwa akaulize kama alizaliwa.

"Huyu si ndiye yule mzee wa redioni?" mtu mmoja alisema. "Mzee wa Maji!"

Benchi zima likageuka. Watu wakamshika mkono, wakampa nafasi mbele. "Umetusemea, mzee!" "Hata yangu haiwashi!" alisema mwingine, ambaye baadaye ilijulikana amekuja kwa ajili ya miwani. Mzee Kadenge, ingawa jicho lilikuwa likimtoka machozi ya usaha, alinyanyua mkono kama mbunge. Kafedha alikaa pembeni na mkoba magotini. Ndani ya mkoba ilikuwamo chupa, na alihisi inamchoma kama kaa la moto.

Alimgusa kaka yake. "Ziro. Wakimkamata aliyetia maji, humfanya nini?"

"Humpa cheo," alijibu Ziro.

*

Daktari Milcah alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza Mzee Kadenge hotuba yake yote huku akiwa tayari amemwinamisha kwenye mashine. Alipima mara mbili.

"Presha ya jicho ni thelathini na nne, mzee. Mwezi wa Juni ilikuwa kumi na sita. Na kuna uchafu umeingia. Nipe chupa."

Aliigeuza, akaitikisa, akakitazama kizibo cha ndani. Kilikuwa na alama ya kisu.

"Hii imefunguliwa."

"Ee! Umeona!" Mzee Kadenge alipiga goti lake. "Huko huko ghalani! Andika, daktari, andika na saa!"

"Haikufunguliwa ghalani. Ghalani hawana kisu cha kukatia vitunguu. Hapa pana ganda la kitunguu."

Daktari hakumtazama mzee tena. Alimtazama Kafedha: vigubiko vya macho vilivyovimba, kope zilizotoka kwa vishada, huku nyingi, huku hamna, na mstari mweusi wa ngozi juu ya jicho mahali dawa ilipotiririkia. Alitazama kwa muda, akavua miwani.

"Dada, unataka kusema mwenyewe, au niseme mimi?"

Kafedha alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji. "Baba, ni mimi. Nilikuwa napaka kope. Nikaona imepungua, nikaongeza maji. Yalikuwa ya kuchemsha, baba."

Mzee Kadenge alimgeukia. Mtu aliyekuwa na wakubwa arobaini wa kuwalaumu ghafla amebaki na mtoto mmoja, naye ni wake. Ziro alijiuma mdomo. Haikujulikana anazuia kilio au kicheko.

"Nimekwenda redioni," hatimaye mzee alisema.

"Nilikusikia, baba."

"Nimesema akamatwe hata awe mtoto wa nani."

"Nilisikia."

"Inuka. Sakafu ya hospitali haifai kupigiwa magoti, hawaipigi deki." Lakini alipoinuka, hakumshika mkono.

Daktari Milcah alivuta kiti. "Sasa nisikilizeni nyote, maana nimechoka kutibu macho yaliyoharibiwa na uzuri. Dada, dawa hii kweli huotesha kope. Hukudanganywa. Ulidanganywa njia. Anayetaka kuitumia hupimwa kwanza, huandikiwa yake, chupa yake, jina lake. Una ugonjwa wa macho? Ndiyo, naona gundi ya kope imekuachia uvimbe. Basi huruhusiwi mpaka upone. Unanyonyesha?"

"Hapana."

"Una mimba?"

Mzee Kadenge aligeuza kichwa chote, jicho zima na jicho bovu.

"Hapana, daktari! Haki ya Mungu!"

"Angalau," alisema mzee, akarudi kutazama ukuta.

"Ukipona," daktari aliendelea, "unanawa mikono na uso usiku, rangi zote zimetoka. Tone moja kwenye brashi mpya, safi, inayotupwa. Jicho la pili, brashi nyingine. Unapitisha kwenye mzizi wa kope za juu tu, kama unavyopaka wanja. Za chini huzigusi; zitapata zao ukipepesa. Inayotiririka unaifuta, la sivyo nywele zitaota shavuni, uolewe na ndevu. Mara moja kwa siku. Ukisahau, umesahau, kesho usitie mara mbili. Ncha ya chupa isiguse kitu chochote, si brashi, si kidole, si jicho. Jicho likiwasha kupita kiasi, likiwa jekundu, likiuma, unaacha na unakuja kwangu, si kwa msusi."

"Na zitakuwa tayari lini? Harusi ni tarehe kumi na tatu Desemba."

"Miezi miwili kuanza kuonekana, minne kukamilika. Ukiacha dawa, nazo hurudi zilivyokuwa polepole. Na kuna wengine ngozi huwa nyeusi hapo juu, na mboni yenye rangi hafifu hugeuka kahawia haswa, hiyo hairudi. Yako ni nyeusi tayari, usilie."

"Kwa hiyo Desemba sitakuwa nazo."

"Desemba utakuwa na baba anayekuona. Chagua."

Machozi ya Kafedha ndiyo yaliyojibu.

Ziro hakuweza kujizuia tena. "Daktari, andika pia dozi ya akili. Mtu anaiba dawa ya mzee kwa ajili ya vinywele!" Akacheka. "Mimi hata nikipewa bure sipaki. Kope ndefu dereva wa lori atakwenda nazo wapi?"

"Wewe ni mtoto wake wa kumzaa?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Kaa hapa. Presha ya macho hutembea kwenye damu. Watoto wote hupimwa, hamkuambiwa?"

Hawakuwa wameambiwa. Miaka mitatu ya kadi, mihuri na njoo kesho, hapakuwa na mtu aliyewaambia. Ziro alikaa kwenye mashine akitabasamu, kidevu mbele kama mtu anayenyolewa. Daktari alipima jicho moja, akapima la pili, akarudia la kwanza. Tabasamu la Ziro lilianza kuchoka.

"Ishirini na tisa. Na ishirini na nane," alisema Daktari Milcah. "Hujaona dalili yoyote?"

"Sina shida, daktari! Naendesha mpaka Malaba, kule mpakani!"

"Ndivyo huanza, bila shida. Ungeendesha miaka mitano hivi, kisha siku moja pikipiki itoke kando usiione." Alikuwa tayari anaandika. "Una bahati dada yako ni mwizi. Dawa ni hiihii ya baba. Tone moja, kila jioni, macho yote mawili."

Ziro aliitazama karatasi, kisha akamtazama baba yake, kisha kope za baba yake.

"Macho yote mawili?" aliuliza.

Mzee Kadenge alianza kutikisika mabega. Kwanza walidhani analia. Alikuwa anacheka, usaha na machozi yakishuka pamoja, mpaka daktari akamwambia atulie amsafishe.

*

Dawa haikuwapo kwenye dirisha la dawa hospitalini. Imekwisha, walisema, labda mwezi ujao. Na hapo hapakuwa na mtoto wa mtu aliyeiiba. Wakubwa hujenga barabara wakate utepe, lakini chupa ya matone hawaioni, haina mahali pa kufunga utepe. Kafedha alikwenda kwa Quinter, akafuta kila kitu alichokuwa amelipia kwa ajili ya harusi, kucha, rangi, kope za kubandika, akadai arudishiwe.

"Bibi harusi uso mtupu?" Quinter alilia. "Watu watasema saluni yangu!"

"Na brashi yako uichome moto."

Pesa hizo zilinunua chupa mbili kwenye duka la dawa, moja ya baba, moja ya Ziro. Mzee aliipokea yake bila neno. Akaandika juu yake kwa kalamu nene, KADENGE, na tangu siku hiyo ikakaa kwenye mfuko wa shati lake, mchana na jioni, kifungo kimefungwa. Kafedha akinyoosha mkono kuichukua amsaidie, mzee alifunika mfuko kwa kiganja. "Nitatia mwenyewe."

Na alitia mwenyewe, ingawa mkono ulimtetemeka na nusu ya tone ilikwenda puani. Kwa kila kitu kingine alizungumza na binti yake kama kawaida. Alimtania, alimtuma chumvi, alipanga naye harusi. Uchafu wa jicho ulipona kwa wiki mbili, duara la rangi likaondoka kwenye taa, presha ikashuka mpaka kumi na saba. Alipiga tena simu kwa Rama, akasema hewani kwamba maji yale yalikuwa ya nyumbani kwake, anawaomba radhi wakubwa kwa hilo moja tu, na hayo mengine yote yako palepale. Lakini kifungo cha mfuko hakikufunguka.

Wiki ya nne, macho ya Kafedha yalipokuwa yamepona, Daktari Milcah alimwandikia dawa yake. Aliitumia kama alivyoagizwa, brashi na brashi. Asubuhi alijitazama kiooni, akaona vinywele vifupi kama nyasi baada ya mvua ya kwanza. Aliyeota kope ni Ziro. Kufika Desemba kope zake zilikuwa zimefunika macho, zimepinda, zinametameta. Pale Kipevu madereva wenzake walimwita Bi Harusi. Polisi wa barabarani walimsimamisha, wakamtazama, wakasahau walichotaka kumwomba.

"Kaka, hebu nipe mbili tu," Kafedha alimwambia.

"Omba kwa daktari," alijibu Ziro, akampepesea.

*

Harusi ilikuwa kanisani, na karamu katika uwanja wa shule nyuma yake. Kafedha aliolewa na Matthew, mwalimu mpole, kwa uso wake mwenyewe na kope zake fupi zinazochipuka. Quinter alikuja kama mgeni, akamtafutia kasoro, hakuipata, akaenda kuomba picha na Ziro.

Sahani zilikuwa zimejaa pilau, na mwenye muziki alikuwa ameufungulia kwa nguvu, Mzee Kadenge alipotazama saa yake. Aliinuka kwenye meza kuu, akainua mkono.

"Zima."

Muziki ukazimwa. Ilikuwa saa moja. Ziro alitoa chupa yake, akaenda kukaa kando ya baba yake. Mzee alifungua kifungo cha mfuko. Akaishika chupa kwenye kiganja kwa kitambo, akaitazama, kisha akageuka upande wa bibi harusi na kumnyooshea.

"Mkono wangu leo unatetemeka," alisema. "Nitilie wewe."

Kafedha alisimama na shela lake. "Baba?"

"Umenawa?"

Aliletewa maji na sabuni, akanawa mbele ya watu wote mpaka kwenye viwiko, mikono ya gauni ikilowa. Mzee Kadenge akainua uso juu. Ziro naye akainua wake. Wageni mia mbili, walipoona familia imeelekeza nyuso mbinguni kwa pamoja, wakadhani ni sala. Wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Uwanja mzima ukanyamaza.

Kafedha alishika kigubiko cha chini cha jicho kwa kidole kimoja, akaiweka chupa juu bila kugusa kitu. Tone likaanguka mahali pake.

"Amina," alisema mchungaji.

"Amina!" waliitikia watu.

Mzee Kadenge alikuwa amefumba. Chozi lilimtoka, likapita kwenye zile kope ndefu, likashuka shavuni.

"Baba," Kafedha alinong'ona, chupa bado mkononi. "Vipi?"

"Inawasha, mwanangu," alisema. "Inawasha vizuri kabisa."